Kinu cha Bi Nyamvula na Mpira wa Vibao

Hapo zamani, si ile ya fisi kuongea, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na Bi Nyamvula na mumewe, Mzee Chambulo. Macho ya mzee yalikwisha kuzimika, akawa anaishi kwa masikio. Kwa masikio alijua nani kapita, kuku gani kataga, na kama mkewe kakasirika au kanuna tu.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja. Wanawake walitwanga hapo pamoja, mchi juu, mchi chini, na nyimbo za kusutana. Mashine ya kusaga ilipokuja, wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Kiwanja kikamwagwa saruji, vijana wakaleta mpira wa vibao, mchezo wa kupigiana kipira kigumu kwa vibao vya mbao. Ko! Ko! Ko! Asubuhi ko, jioni ko.

Mzee akapotea katika kelele hizo. Mkewe kakaa ubavuni pake, yeye anauliza, "Nani wewe?"

Bi Nyamvula akatoka nje. "Atakayenirudishia masikio ya mume wangu, nampa kinu cha mninga alichoniachia mama!" Kinu chenyewe kilikuwa kimelala kifudifudi, kimegeuka kiti cha kuku.

Hidaya, jirani yake, akasuka majamvi mazito, akazungushia kiwanja. Ko ikawa ko ndogo.

Shemtoi seremala akakata ndala kuukuu, akazigandisha kwenye vibao. Ko ikawa pu.

Mwanakombo, kiongozi wa wachezaji, akakataza mchezo asubuhi na jioni. Wenzake wakamzomea, "Umeolewa na wazee!"

"Na mahari nimeshakula," akawajibu. Wakamsusa. Pu ikawa kimya.

Asubuhi moja wakaja kudai.

"Bibi, tazama vidole vyangu vilivyochubuka," akasema Hidaya.

"Dada, wewe uliifunika kelele," akasema Shemtoi. "Mimi nimeiua."

"Nyinyi mmetoa majamvi na ndala," akasema Mwanakombo. "Mimi nimetoa marafiki."

Bi Nyamvula akakiinua kinu, akakipangusa mavi ya kuku. Ndipo sauti ya mzee ikatoka ndani ya nyumba.

"Nyamvula!" Jina lake, mara ya kwanza tangu masika. "Njiwa nawasikia. Fagio lako nalisikia. Mbona kinu sikisikii? Twanga kidogo, mke wangu, nijue kumekucha."

Bi Nyamvula akasimama na mchi mkononi. Neno likishatoka mdomoni halimezwi tena. Kinu kimoja, wadai watatu, na wa nne yuko kitandani, hana habari ya ahadi.

Haya, nyie mnaojifanya mna akili: kinu kile, nani alikistahili?