Kiti Kitupu Nacho Kiulizwe

"Kiti kitupu nacho kiulizwe." Jana kwenye kikao cha harusi mlimsikia baba yenu mdogo akisema hivyo, mkaangaliana, na mmoja wenu akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga. Mlidhani mzee amechoka, sasa anataka kuzungumza na samani. Leo mmekuja kuniuliza maana, na maana nitawapa, ila kwa mwendo wangu. Msemo huu haukuokotwa njiani. Una mahali ulipozaliwa, na ulizaliwa chuoni, katika darasa la takwimu. Kaeni vizuri, na huyo mwenye simu aiweke chini.

Palikuwa na chuo kimoja cha maendeleo ya jamii huku kwetu kwenye baridi, milimani Njombe. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe amekuja kusomea ushirika au malezi ya watoto, ilimlazimu kusoma takwimu, apende asipende. Wengi waliliogopa somo hilo. Hesabu walikuwa wamezikimbia tangu shule ya msingi, wakafika chuoni wakazikuta zinawasubiri mlangoni zimevaa suti.

Lukelo Mgaya naye aliingia na woga huo huo. Alikuwa kijana mwembamba, wa kwanza kwao kufika chuo, na kijiji kizima kilikuwa kimemsindikiza kwa maombi. Vipindi vya mwanzo hakuambulia kitu. Aliandika kila neno la ubaoni, na usiku aliyasoma kama mtu anayesoma lugha ya wageni.

Aliyemvusha ni jirani yake wa kiti, mwanamke aliyeitwa Sekela. Huyu alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, aliyerudi shule baada ya miaka mingi ya kulea. Alikuwa akiishi kijiji cha pili na kufuga ng'ombe wa maziwa, na ada yake ilitoka kwa ng'ombe hao. Hakuwa na akili ya ajabu, lakini alikuwa na subira. Ukurasa ukimkataa, aliurudia mpaka ukubali.

"Mdogo wangu, usiogope jina," alimwambia Lukelo siku moja. "Wastani ni nini? Tukusanye viazi vya darasa zima, tugawane sawasawa, kila mtu apate vingapi. Basi. Maneno mengine yote ni mapambo."

Lukelo alicheka, na tangu siku hiyo somo likaanza kumfungukia. Mwalimu wao, Mama Kihombo, alifundisha kwa sauti ya chini iliyowalazimisha wote kunyamaza. Ndiye aliyewaeleza sampuli ni kitu gani. Mpishi, alisema, hamalizi chungu ili ajue chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinamtosha. Mtakwimu naye hawaulizi watu wote, huuliza wachache, na hao wachache wakamwambia habari za wengi. Lukelo aliipenda sana habari ya kijiko. Alitembea nayo kichwani wiki nzima.

Sasa, kipindi cha takwimu kilikuwa saa kumi alasiri. Mkuu wa taaluma pale chuoni, Bwana Msigwa, hakuipenda saa hiyo. Hakuwa mtu mbaya, nawaambia mapema msije mkamchukia bure. Alikuwa mtu wa kuamka na majogoo, na aliamini kwa dhati kwamba akili ya asubuhi haijachoka. Akakihamishia kipindi saa moja asubuhi, kwa majaribio, akasema mwisho wa muhula wataona kama kibaki huko au kirudi.

Saa moja asubuhi ndiyo saa ambayo kituo cha maziwa kilikuwa kikipokea maziwa. Gari likishapakia limeondoka, na aliyechelewa alirudi nyumbani kuwapa ndama. Sekela alijaribu. Siku ya kwanza alifika anahema, akakuta watu wanatoka. Siku ya pili vivyo hivyo. Maziwa angeyaacha, lakini ada je? Basi akaacha kuja kipindi cha takwimu, akawa anahudhuria masomo mengine tu, na Jumamosi Lukelo alimpelekea daftari lake anakili. Kwa hiyo Lukelo alijua. Likumbukeni hilo, maana ndilo linaloniuma kila ninapoisimulia habari hii. Alijua Sekela haji, na alijua kwa nini.

Ukafika wakati wa zoezi kubwa. Mama Kihombo aliwataka kila mmoja achague jambo moja la pale chuoni, aulize watu, apige hesabu, asimame mbele aeleze alichokipata. Lukelo akachagua saa ya kipindi. Aliona ni jambo zuri, jambo la wote. Akaandaa vikaratasi vyenye swali moja: je, saa moja asubuhi inakufaa? Akasimama mlangoni mwa darasa asubuhi moja yenye ukungu, akampa kila aliyeingia kikaratasi, na wakati wa kutoka akavikusanya.

Kazi aliifanya kwa uaminifu. Hakumshawishi mtu, hakuchungulia majibu, hakuongeza wala kupunguza. Alipohesabu, karibu wote walisema inawafaa. Akachora grafu nzuri kwa kalamu za rangi, nguzo moja ndefu na nyingine fupi kama kisiki. Alipoiwasilisha, sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na yule kijana aliyekuwa akikesha bila kuelewa akapewa alama za juu kuliko darasa zima. Alifurahi jamani. Jioni ile alipiga simu nyumbani, mama yake akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza.

Bwana Msigwa alikuwa amekaa nyuma siku ile, akisikiliza. Alitoka amekunjua uso. Kesho yake tangazo lilikuwa ubaoni: kwa kuwa uchunguzi wa wanafunzi wenyewe umeonyesha kwamba saa moja asubuhi inawafaa, kipindi kitabaki hapo moja kwa moja, na asiyehudhuria ipasavyo hataruhusiwa kufanya mtihani. Na asiyefanya mtihani wa takwimu, mwaka wa pili asingeuona.

Mchana Sekela alisimama mbele ya lile tangazo kwa muda mrefu. Lukelo alimkuta hapo.

"Dada Sekela, umesikia kazi yangu?" akauliza, bado ana furaha yake.

"Nimeisoma hapa. Uliwauliza nani, mdogo wangu?"

"Darasa zima."

"Mimi uliniuliza?"

"Wewe hukuwapo."

Sekela hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Sikuwapo kwa sababu ya hiyo saa," alisema. "Ndiyo uliyokuwa ukiiuliza. Umesimama mlangoni ukawauliza walioingia kama wanaweza kuingia." Akatengeneza kitenge chake begani. "Basi, si neno. Nitawaambia watoto kwamba mama alijaribu."

Akaondoka. Lukelo alibaki pale mbele ya tangazo. Aibu ilimpanda taratibu, maana hakuweza hata kujitetea kwamba hakujua. Zile Jumamosi zote daftari lilikuwa mkononi mwake. Lakini alipoanza kuhesabu watu, aliwahesabu wenye sura mbele yake tu, na rafiki yake akawa si mtu.

Jioni alibisha hodi ofisini kwa Mama Kihombo.

"Mwalimu, sikudanganya," alianza.

"Hakuna aliyesema umedanganya."

Akamweleza yote. Mama Kihombo alisikiliza, kisha akavua miwani na kujisugua macho. "Nami nilikupa alama za juu," alisema. "Niliiangalia ile grafu, nikaangalia hesabu, zote sahihi. Sikuuliza kijiko kimechota wapi. Aibu hii ni yetu wawili. Unataka kufanyaje?"

"Nataka kuwauliza wasiokuja."

"Ukifanya hivyo, kazi ya kwanza nitaisahihisha upya, na alama zitashuka. Sitakuonea huruma."

Zile alama Lukelo alikuwa ameshazitangaza kwao. "Zishuke tu," akasema.

Akaenda kuwatafuta, mmoja mmoja, wote walioacha kuja. Msidhani aliwakuta wote watakatifu. Mmoja alikuwa akimuuguza baba yake na asubuhi ndiyo ya kumwogesha mzee. Mwingine alitoka mbali kwa miguu, na kabla ya jua kuchomoza njia ya msituni haikuwa ya kupita mwanamke peke yake. Wengine kadhaa walikuwa wa maziwa kama Sekela. Na mmoja alijifunika blanketi akamwambia, "Mimi nalala tu, bwana. Usinitafutie sababu." Lukelo akamhesabu naye, maana ndivyo alivyojibu.

Juma lililofuata, saa moja asubuhi, Mama Kihombo alimwalika Bwana Msigwa darasani na kumpa Lukelo nafasi. Kijana alisimama. Mara hii sauti ilitetemeka.

"Mzee, naomba kuirekebisha kazi yangu."

"Kwa nini? Ulidanganya?"

"Hapana, mzee. Waliojibu walijibu kweli. Ila niliwauliza walioweza kuja. Wasioweza sikuwauliza, na saa hii ndiyo iliyowazuia."

Bwana Msigwa alikunja uso. Tangazo lilikuwa limeshabandikwa, na mkubwa kubandua tangazo lake si kazi ndogo. "Mimi sipendi maneno ya kuzunguka," alisema. "Jambo hili tutalimaliza sasa hivi, hadharani." Akaligeukia darasa. "Nani hapa hawezi kufika darasani saa moja asubuhi? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Mmeona wenyewe?" akasema, akafungua mikono.

Halafu mmoja kule nyuma akaguna, mwingine akainamisha kichwa kuficha kicheko, na kicheko kikatambaa kiti hadi kiti. Bwana Msigwa akawatazama asielewe. Lukelo hakucheka. Alitembea mpaka kwenye kiti cha Sekela, akaweka mkono juu ya egemeo la kiti hicho.

"Mzee," alisema, "na hiki nacho kiulizwe."

Bwana Msigwa alikitazama kile kiti. Akatazama kingine cha mbele yake, na kingine karibu na ukuta. Nimewaambia hakuwa mtu mbaya. Uso wake ukalegea.

"Nimewauliza waliofika," alisema polepole.

"Ndiyo, mzee."

"Kama wanaweza kufika."

"Ndiyo, mzee."

Akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akamwambia Mama Kihombo, "Nipe hayo majibu ya hao wengine," akatoka. Siku chache baadaye tangazo lilibanduliwa. Kipindi kikarudi saa kumi alasiri, na waliokosa asubuhi wakaruhusiwa kufanya mtihani. Alama za Lukelo zilishushwa kama alivyoambiwa. Mama yake aliposikia kwenye simu aliuliza tu kama yule mwanamke wa maziwa amerudi darasani. Akaambiwa ndiyo. "Basi vizuri," akasema.

Hapa ndipo wengi huikatia hadithi, wakapiga makofi wakaenda zao. Mimi siikatii hapa, kwa sababu msemo wenyewe bado haujasemwa.

Siku ya kwanza ya kurudi saa kumi, Sekela alifika mapema. Alikaa, akapanga kalamu zake, na Lukelo pembeni yake moyo ulikuwa mweupe. Mama Kihombo akaanza kuandika ubaoni. Watu wakafungua madaftari. Sekela hakufungua lake. Alikuwa akitazama upande wa dirishani.

"Pale alikuwa akikaa nani?" akanong'ona.

"Gaudensi. Achana naye, dada. Huyo alikuwa shabiki wa asubuhi."

"Leo yuko wapi?"

"Sijui."

"Saa kumi huwa anafanya nini?"

Lukelo akageuka kukitazama kile kiti cha dirishani. Walikuwa wamekaa na Gaudensi darasa moja tangu muhula uanze, na hakujua hata analala wapi.

"Mdogo wangu," Sekela alisema, na safari hii hakunong'ona, hata Mama Kihombo akaacha kuandika na kugeuka. "Saa hii imenirudisha shule, nami naipenda mno. Lakini sasa na mimi ni miongoni mwa waliofika. Mtu akija kuniuliza leo, nitamwambia inatufaa wote, na sitakuwa nimedanganya." Akaelekeza kidole dirishani. "Kiti kitupu nacho kiulizwe. Na siyo changu peke yake."

Kipindi kilipokwisha, Lukelo na Sekela walishuka pamoja mjini kuulizia anakoishi Gaudensi. Walimkuta kwenye tanuri la mikate, mikono imejaa unga, kibarua alichokipata baada ya kipindi kuhamishiwa asubuhi, kikianzia saa kumi. Alipowaona aliacha kukanda akawatazama kwa mshangao, maana hakutegemea kwamba kuna mtu angemtafuta. Sekela akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi karibu naye.

"Tumekuja kukuuliza," akasema.

Waliokuja watasema yao, na watasema kweli. Kiti kitupu nacho kiulizwe.