Mguu Ulionyamaza

Akina mama, palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, mshonaji wa majoho ya kwaya. Ni wa usharika gani, msiniulize. Nawaona mnavyonyoosha shingo, lakini jina hamlipati kwangu, leo nimejizuia.

Fundi huyu alitumia cherehani ya kukanyaga pedeli. Mguu wake wa kulia ndio uliomlisha, ukamsomeshea watoto, ukamwezekea na nyumba mabati. Basi mguu ule ukaanza kuwaka. Akilala, unawaka kama umepakwa pilipili. Anautoa nje ya blanketi, unawaka. Anautia kwenye beseni la maji, unawaka. Asubuhi anakanyaga pedeli macho mekundu, huku anaguna.

Na kuguna kwa mtu mnajua kunavyochosha. Kila sala ya jumuiya, ombi la fundi lilikuwa lile lile, mguu, mpaka wenzake wakawa wanauombea huku wanajifunga kanga waondoke.

Tena haukuwa mguu peke yake. Mchungaji akifungua Biblia tu, fundi huyo ananyanyuka kwenda msalani. Akirudi ana kiu, anagugumia maji ya chupa. Kidogo tu, ananyanyuka tena. Jirani yake wa benchi moja, mwanamke mwenye mdomo kuliko hata mimi, akawa ananong'ona: "Mnaona? Neno likimgusa anakimbia. Ana lake huyo, subirini." Halafu uzi nao ukaanza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano. Fundi akasema ni uzee, akaenda sokoni akajichagulia miwani kwenye meza ya mitumba. Choo kikapewa sababu yake, macho yakapewa sababu yake, pedeli ikasingiziwa kuuchosha mguu. Nani aliwaza kwamba vyote vitatu vilikuwa vinaleta habari moja?

Ikaja siku mguu ukanyamaza. Moto umezimika, kabisa. Fundi akautomasa, kimya. Akaufinya, kimya. Akalala kama mtoto aliyeshiba. Hebu niambieni, ungekuwa wewe, usingemshukuru Mungu?

Naye akashukuru. Huko kwao mwenye shukrani anakwenda mbele akicheza, wenzake nyuma wanaimba, na akifika penye zulia la madhabahu anavua viatu. Jumapili hiyo fundi alivaa kitenge ambacho hakijawahi kuona maji, jogoo kwapani. Akavua viatu, akacheza. Jamani, alicheza! Aliupiga chini mguu ule ule wa kulia kwa kishindo, kusudi kila mtu aone umepona. Jana yake kulikuwa na harusi pale, na waliobandua mapambo walikuwa wameacha pini kwenye zulia.

Jirani yake alikuwa anamtazama miguu. Sisemi ni kwa upendo. Alikuwa anatafuta kasoro. Zulia lilikuwa jeupe rangi ya maziwa, na kila fundi alipokanyaga, aliacha alama nyekundu.

"Fundi! Simama, fundi! Unavuja damu!"

"Niache nimshukuru Mungu wangu," fundi akajibu bila kusimama. "Umenisema nikiumwa, leo nimepona unaniletea husuda mpaka madhabahuni?"

"Husuda kitu gani! Tazama chini, mwanamke!"

Fundi akatazama chini. Akaiona damu. Akamgeuza jogoo huku na huku kuona ameumia wapi.

Mnacheka. Kwaya haikucheka; wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Pini ilikuwa imezama yote kwenye unyayo, na mwenye unyayo hana habari.

Akapelekwa zahanati, nesi akamwosha mguu. Alipovitenganisha vidole, akakuta kidonda cha siku nyingi kilichosuguliwa na pedeli, kimeshaanza kuwa cheusi. Akapima sukari. Akaitazama mashine, akamtazama fundi.

"Mama, mguu uliacha kuuma lini?"

"Tangu Mungu aliponiponya."

Nesi akavuta kiti akakaa. "Mama yangu, huu haukupona. Umekufa ganzi."

Akamweleza polepole. Tumbo linaupokea ugali, linaugeuza sukari. Damu inaibeba sukari kuipeleka kila kiungo kipate nguvu. Kongosho ndilo linalofungua milango sukari iingie ndani. Lako, mama, limechoka, sukari imebaki inazunguka njiani. Figo zikaona hatari, zikajitahidi kuimwaga nje, ndicho kile choo cha kila mara, ndiyo ile kiu. Macho yakaanza kufifia. Mishipa ya fahamu mguuni nayo ikaungua, ikapiga kelele usiku kucha, mwisho ikaishiwa sauti. Na mguu usipopeleka habari kichwani, jicho haliambiwi litazame, mkono hauambiwi uchomoe pini, wala wewe huambiwi uchechemee ili kidonda kipumzike.

Fundi akautazama mguu wake kama mama anayemtazama mtoto aliyemchapa bila kosa. Kumbe usiku wote ule ulikuwa unamwita. Tena haukuwa ukilia kwa ajili yake peke yake. Ulikuwa unalilia na figo, na macho, na damu yenyewe. Naye amempelekea Mungu jogoo kwa kuwa umechoka kuita.

"Mtaukata?" akauliza. "Nitakanyagia nini pedeli?"

"Kidole hiki huko hospitali watakiondoa. Mguu tutaupigania. Ungekuja ulipokuwa unawaka, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Kidole kikaondolewa. Mguu ukabaki, ila mpaka leo hausikii kitu, na macho ya fundi hayauoni unyayo vizuri. Basi kila jioni yule jirani mwenye mdomo anakwenda, anaushika ule unyayo, anaugeuza kwenye mwanga, anaukagua kuanzia vidoleni mpaka kisiginoni. Kusengenya hajaacha. Lakini mguu wa mwenzake unaishi kwa macho yake.

Sasa, akina mama, mnadhani nimekuja hapa kuhubiri habari za sukari? Kapimeni, ndiyo, na leo si kesho. Lakini mimi nina neno na sisi.

Sisi tulikuwa na mwenzetu ambaye kila kikao alinyanyuka kulalamika. Mgonjwa fulani hakutembelewa. Yatima wa fulani mliahidi kuwaona, hamjaenda. Mjane mmemwimbia siku ya maziko, baada ya hapo nani amebisha hodi kwake? Tulichoka naye. Tulikuwa tukimwona anasimama, tunatazamana, tunakohoa. Nani hapa hajamkoholea? Mimi nilikohoa kwa sauti kuliko wote.

Tangu Pasaka hasemi. Akiulizwa anajibu, "Sawa tu." Anakaa, anaimba, anaondoka. Na sisi tumefanya nini? Kikao kilichopita katibu alisema kimekwisha mapema kwa sababu siku hizi tuna amani, tukapiga makofi, tukaomba sala ya shukrani.

Akina mama, ile amani ni ipi? Wagonjwa wametembelewa? Yatima wameonwa? Au ni kiungo kimoja tu kilichokuwa kinausikia mwili wote, na sasa kimekufa ganzi, nasi tunacheza?

Sitaki amina zenu. Yuko pale nyuma, karibu na dirisha, ameinamisha kichwa. Mmoja wenu anyanyuke sasa hivi, akakae naye, amuulize kinachomuuma. Na akianza kulalamika, msimkatishe.