Fundi Aliyeziba Kila Ufa

Mtu mmoja, Mrindoko wa Ugweno, alikuwa na nyumba kubwa ya mawe na udongo, na fundi wa kuitunza aliyeitwa Senzia. Fundi alipewa agizo moja tu: ufa ukionekana, uzibwe siku hiyohiyo. Senzia alilitii, na nyumba ikasimama imara miaka mingi.

Kisha Kajiru, mtoto aliyezaliwa ndani ya nyumba hiyo, akaasi. Alijifungia katika chumba cha chakula, akala akiba ya wote, akaanza kujenga vyumba vyake bila kumuuliza mtu. Wengine wakashinda na njaa. Mrindoko alimsihi, hakusikia. Ndipo akaita wabomoaji wenye nyundo nzito, wakibomoe chumba cha Kajiru.

Walibomoa tangu asubuhi. Walipotoka kwenda kula na kurudi, walikuta kuta zimesimama, udongo ungali mbichi. Mrindoko akaongeza watu, akaongeza nyundo. Sasa hata vyumba vya watoto vikapasuka, na mkewe Nakijwa akaugua kwa vumbi. Chumba cha Kajiru kilikuwa palepale.

Nakijwa ndiye aliyeona. Alimkuta Senzia upande wa nyuma, ndoo ya udongo mkononi, akimzibia Kajiru. Alimwita mumewe, naye akaja mbio.

"Senzia! Unamjengea anayetuua?"

"Mzee, uliniambia nizibe kila ufa. Hukuniambia ufa wa nani."

Mrindoko akatambua kwamba kosa lilikuwa katika agizo lake. Fundi hakuwa msaliti, na akimfukuza kabisa nyumba nzima ingeporomoka. Basi akauchukua mwiko wake, akamtuma akapumzike kwa dada yake siku tatu. Siku hizohizo akawarudisha wabomoaji, wachache tu. Siku ya tatu chumba kilianguka, Kajiru akatolewa. Ndipo Senzia akaitwa azibe nyufa za vyumba vingine, na watoto wakala wakashiba.

Nawaambia haya ninyi mnaouguza wagonjwa wa saratani ya tumbo. Mwilini zipo protini zenye kazi ya kukarabati vinasaba, nazo huweza kukarabati hata vile vya seli za saratani ambavyo dawa imevikata. Hiyo ni sababu mojawapo ya dawa nzuri kushindwa. Watafiti wanajifunza kuzizuia kwa kipimo na kwa wakati wake, nami naamini watafika. Basi kwa nini tuseme mgonjwa ameshindikana, kabla hatujauliza ni nani anayemzibia adui yake nyufa?