Jina la Mtoto wa Mutheu

Sogeeni. Mwenye CV aiweke chini, hapa haimsaidii.

Hospitali moja ilikuwa na wanawake watatu. Daktari Chebet alijua kuvuta ngozi: akizungusha uzi, kidonda hujikunja kama mdomo wa kiondo. Daktari Zubeda alijua kuhamisha ngozi: aliyoitoa pajani huota kwingine kama mwenyeji. Na Akoth alijua kufunga vidonda. Digrii ya uuguzi, second upper, miaka miwili anajitolea. Wakubwa walimwambia anapata exposure, kama nguo iliyoanikwa.

Akaletwa Kalondu, msusi wa vyondo, saratani imemla ulimi. Walichukua ngozi ya mkono wake wa kushoto, karibu na kiganja, wakamtengenezea ulimi mwingine. Ulimi ukashika. Mkono ukabaki wazi, kano zinaonekana. Bintiye Mutheu alikuwa mjamzito, na nyanya huyu alitaka mkono wa kumpakatia mjukuu. Akaandika kwenye karatasi: atakayenirudishia mkono, mtoto atabeba jina lake.

Madaktari wakashindana.

“Wewe vuta tu,” Zubeda akasema, “uone vidole vikifa ganzi.”

“Na wewe chuna paja,” Chebet akajibu. “Huyu mama ni mifupa mitupu, utapata wapi ya kutosha?”

Basi Chebet akavuta kingo, kidonda kikabaki nusu. Bila yeye, ngozi ya paja isingetosha.

Zubeda akaifunika nusu ile kwa ngozi ya paja. Bila yeye, kano zingekauka, vidole vikakamaa.

Akoth akaibana ngozi kwa sifongo na bendeji, akaulinda mkono siku saba. “Nyanya, usitikise,” alikuwa akisema, “mtoto anakuja.” Bila yeye, ngozi ingeteleza.

Siku ya tano Mutheu alijifungua msichana. Hakuamka tena.

Siku ya nane bendeji ilifunguliwa, mkono mzima. Akoth hakuuona. Asubuhi hiyo mlinzi alimrudisha getini: wanaojitolea wamefutwa, orders from above.

Katika ukoo wa Kalondu, mtu ambaye mtoto amepewa jina lake humlea kama mama yake. Chebet hana mtoto. Zubeda alizika wake. Akoth hana hata kodi ya chumba, lakini ndiye aliyeushika mkono wa Kalondu usitikisike Mutheu alipokata roho.

Kalondu amempakata mjukuu kwa mkono wenye kovu. Ulimi mpya ungali mzito, unamudu jina moja tu. Wote wanamtazama mdomoni.

Nanyi wenye ajira, nanyi wenzangu wa tarmac mnaosaka kazi: ungekuwa wewe Kalondu, ungelitamka lipi?