Siku Mto Ulipofurika Kalunde Hayupo

Hapo zamani, enzi ambazo mtu alifunga safari ndefu kwa ajili ya mfuko mmoja wa chumvi, palikuwa na mwanamke aitwaye Kalunde aliyewaongoza wapika chumvi kando ya mto Luvya. Maji ya chumvi yalichimbuka ardhini, yakakingwa katika mashimo makubwa, kisha yakachemshwa vyunguni mpaka chumvi ikabaki peke yake. Kazi hiyo ndiyo iliyolisha kijiji kizima.

Kalunde aliijua kazi, na kila mtu alimngoja yeye. Kuni ziongezwe? Muulize Kalunde. Chungu kiepuliwe? Muulize Kalunde. Hata mvua ikianza kudondoka, watu waliitazama chumvi iliyoanikwa, kisha wakamtazama Kalunde.

Siku moja homa ikamlaza. Cheche ikaruka, ikashika paa la banda la chumvi. Mpikaji mmoja, Kashindye, akakimbia mpaka nyumbani kwa Kalunde, akapiga hodi, akangoja aitikiwe, ndipo akasema kwa adabu, "Mama, banda linaungua. Tufanyeje?"

Kalunde alipofika, banda lilikuwa majivu.

"Maji yalikuwa hapo hapo, Kashindye. Mbona hamkuyamwaga?"

"Hukutuagiza, Mama."

Jibu hilo lilimuuma kuliko homa. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia, akajikuta ni yeye mwenyewe.

Tangu hapo, aliyemjia na swali alirudishiwa swali: "Wewe waonaje?" Aliyesema hajui aliambiwa akae mpaka ajue. "Ukiona jambo, usiningoje," alisema. "Ukikosea tutakaa tuzungumze. Sitakufukuza." Watu walinung'unika. Wengine walisema amechoka, wengine amezeeka. Lakini kidogo kidogo wakaanza kuepua vyungu bila kuuliza, wakaanza kubishana wao kwa wao, na chumvi ikatoka nyeupe vile vile.

Ikawa binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya vilima, amekaribia kujifungua. Kalunde akafunga mzigo wake.

"Ukiondoka tumsikilize nani?" aliuliza Mihambo, mkata kuni.

"Sikilizaneni," akajibu, akaondoka. Lakini njiani aligeuka nyuma mara nyingi kuliko alivyopenda kukiri.

Mtoto alizaliwa salama. Kalunde alikuwa njiani kurudi alipokutana na wachuuzi wenye nyuso nzito. "Luvya umefurika," walimwambia. "Huko bondeni umebeba kila kitu."

Hakula tena. Alitembea mpaka akafika juu ya kilima, akatazama chini. Mashimo ya chumvi yalikuwa yamejaa matope. Banda jipya halikuwepo. Hapakuwa na moshi popote bondeni. Akaketi njiani na kujiambia, nimewaua mimi. Niliwaachia watu mto.

Ndipo akasikia mtu anacheka. Kicheko kilitoka upande wa juu, nyuma ya miamba. Akainuka, akakifuata, akawakuta wamejenga vibanda vya majani na wanapika. Hakusalimu. Alianza kuita majina, na kila jina likaitika. Aliita mpaka akamfikia kikongwe asiyeona vizuri, bibi wa Holo mpishi, naye akaitika kwa kulalamika kwamba ameitwa wa mwisho. Kalunde akalia mbele yao, jambo ambalo hawakuwahi kuliona, kisha akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Haya," alisema alipotulia. "Niambieni."

Wakamwambia. Asubuhi ile jua liliwaka na mbingu ilikuwa safi. Mihambo alikuwa juu mtoni akikata kuni, akaona maji yamegeuka mekundu na miti mizima inabingirika ndani yake. Zamu ya kuchochea moto siku hiyo ilikuwa yake, na kuni hizo zilikuwa za moto huo. Aliutupa mzigo, akauacha moto uzimike, akapita nyumba kwa nyumba akiwatoa watu. Vyungu vikapoa na kupasuka, lakini watu wakaanza kupanda mlima.

Maji yakaja upesi kuliko miguu ya wazee. Kashindye akatazama wazee, akatazama mto, akachukua jembe na kubomoa ukingo wa mashimo ya chumvi. Mto ukageukia mashimoni, ukakawia huko kuyajaza, na wazee wakapata muda wa kupanda. Mashimo hayo yalichimbwa na mama yake Kalunde.

Kisha maji yakapungua. Kashindye akasema, "Twende tukaokoe chumvi iliyomo bandani." Watu wakamfuata, maana ndiye aliyetoka kuwaokoa. Mpishi wao, Holo, akasimama katikati ya njia nyembamba.

"Kaka Kashindye, umetuokoa na nakushukuru. Lakini hapa hapiti mtu."

"Dada Holo, bila chumvi ile tutakula nini? Huoni maji yamepungua?"

"Yamepungua haraka mno. Kuna kitu kimeyazuia huko juu."

Wakamwita mwoga. Mmoja akamsukuma. Holo akaketi chini, akanyoosha miguu njiani, na wanawake wengine wakaja kuketi naye. Walikuwa bado wanagombana wimbi la pili liliposhuka likiwa na magogo, likaling'oa banda mbele ya macho yao.

 Kalunde akasema, "Magoti yangu hayataki tena kuinama juu ya vyungu. Nilikuwa naogopa kuondoka. Sasa siogopi. Mmoja wenu watatu ashike nafasi yangu."

Mihambo akasema, "Mama, mimi sioni haya kusema. Nisingeona, Kashindye angebomoa nini? Holo angemzuia nani? Maji yangewakuta wote bado wanachemsha."

Bibi yake Holo akasema, "Kuona, hata mbwa anaona. Mimi niko hai kwa sababu Kashindye alikubali kuharibu kitu ambacho hakuna aliyethubutu hata kukigusa. Mjukuu wangu nampenda, lakini nasema kweli."

Kashindye akatikisa kichwa. "Bibi, saa ile ile nilikuwa nawapeleka watu kufa, nao wananifuata. Holo ndiye aliyesimama mbele yangu."

Wote wakamgeukia Holo. Alikuwa anakoroga ugali, hakuacha. "Ni rahisi kukataa," alisema. "Wao walilazimika kutenda." Kisha akaongeza, "Ila nafasi hiyo nikipewa, naitaka."

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kubishana upya. Kalunde akapokea chakula chake, akala kwa hamu kwa mara ya kwanza tangu alipokutana na wale wachuuzi. Huku nyuma watu walishapangana nani atazibua shimo lipi kesho, na hakuna aliyekuja kumuuliza.

Basi, enyi mlioketi hapa: mmoja aliona akaacha zamu yake, mmoja aliamua akaharibu kisichokuwa chake, mmoja alimkatalia aliyefuatwa na wote. Mngekuwa ninyi Kalunde, mngemwachia nani vyungu vya Luvya?