Shukrani kwa Daraja la Mawe

Bwana DC Hagrovu, Mwingereza aliyetawala wilaya, alikuwa na desturi ya kusoma barua zake kwa sauti, barazani: za kwenda London kabla ya kuzifunga, na za kutoka huko zilipofika. Mwinchande, mpishi wake, hakumtia shaka. DC aliamini Kiingereza cha mpishi kinakomea kwenye chai na mkate.

Siku moja DC alikipenda kilima cha kijiji cha kina Mwinchande. Kilikuwa na upepo mzuri, akataka kujenga nyumba yake pale.

"Kawaambie watu wako wahame," alisema.

Mwinchande alikwenda, akarudi anatabasamu. "Wazee wamekubali, Bwana. Wanaomba jambo moja tu: barua yao ya shukrani iende London pamoja na yako."

"Shukrani!" DC alifurahi. "Wanashukuru nini?"

"Daraja la mawe ulilowajengea mtoni."

Chai ilimpalia DC. "Daraja gani?"

"Lile ulilowaandikia London kuwa limekwisha, wakakupongeza. Barua zote mbili ulizisoma hapa hapa, Bwana, mimi namimina chai."

DC alitupa jicho mtoni. Watu walikuwa wanavuka, maji kiunoni, mizigo kichwani.

"Barua yao haina neno jingine?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Lipo dogo, Bwana. Wanaiomba London iwatumie picha ya daraja hilo, maana wao bado hawajaliona."

Kijiji hakikuhama. Mwezi ule ule mawe yalianza kushushwa mtoni, na DC akawa anasomea barua zake chumbani, mlango kaufunga, kwa kunong'ona.