Kwa Nini Kinuni Hawapigi Hodi

Wewe unayesimama mlangoni ukiita "hodi, hodi", nani amekuambia kinu cha pamba cha Mwanhegele kinaingiwa hivyo? Hapa mtu huimba kwanza, hata kama sauti yake ni ya chura, ndipo aingie. Kaa, usikie ilivyokuwa.

Zamani, mashine za kuchambua pamba zilipokwisha kunyamaza, hakuna aliyethubutu kuingia kinuni. Ndani mlikuwa na jini, nalo lilikuwa likiimba. Wachunga ng'ombe walilisikia, walevi walilisikia, na aliyelisimulia kwa ufasaha kuliko wote ni Bi Minza, kiongozi wa kina mama kanisani, yule aliyewatenga wenzake kwa kosa la kucheza ngoma. Alilijua vizuri, maana jini lenyewe ni yeye. Ujanani alikuwa manju, mwimbishaji wa ngoma, na chini ya lile bati kubwa sauti yake ilimrudia tamu kuliko ilivyotoka. Mahali pengine pa kuimba bila kuumbuka hakuwa napo.

Mwaka mmoja wa mavuno mazuri wakaja vijana na rangi zao, wakiongozwa na binti mchoraji, Salu. Walitaka pa kuchorea, pa kuchezea, na pa kufanyia harusi mvua ikinyesha. Kwa kuwa walilelewa vizuri, hawakutaka kumvamia mwenye nyumba. Kila asubuhi waliliimbia jini wimbo wa kuomba ruhusa, wakaliwekea na kigoda. Kisha wakafukuza popo, wakapaka kuta, wakachora ng'ombe wa buluu wanaocheka.

Siku moja Bi Minza alikuwa amewatangulia, kajibanza nyuma ya mashine. Nje wakaanza wimbo, tena wimbo aliotamba nao enzi zake, na kiitikio wakakipinda. Mara ya kwanza alivumilia. Mara ya pili uzalendo ukamshinda.

"Shusheni sauti hapo! Mnalia kama mbuzi wa mnadani!"

Ndoo zikaruka, vijana wakatoka nduki. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa mkutanoni, na mwenyekiti akatamka kwamba kinu kivunjwe, matofali yakajenge josho la kuogeshea ng'ombe.

"Baba mwenyekiti," alisema Salu, nywele zimejaa rangi, "jini halikutufukuza. Limetukosoa tu."

"Sasa unataka kwaya na mashetani? Kesho nyundo!"

Watu walicheka. Salu hakucheka, alikuwa akilia waziwazi, bila kujifuta. Bi Minza, naye akiwa pale mkutanoni, akamtazama, akawatazama na wale wanawake aliowatenga.

Na tangu siku hiyo hakuna apigaye hodi kinuni. Mtu huimba, na waliomo ndani humwitikia, au humkosoa bila huruma, kisha huingia akacheza na wenzake. Yote hayo yalianza pale Bi Minza aliposimama, akakaza kanga kiunoni, akakiimba kile kiitikio kama kinavyotakiwa mpaka mwenyekiti akaanza kutikisa kichwa bila kujijua.

"Jini ni mimi," akasema. "Na ninyi wenzangu niliwatenga kwa wivu, kwa sababu mlikuwa mkicheza hadharani."